Udongo Katika Pindo la Khanga

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti, mama mkubwa alizitoa sufuria zetu zote uani, akaziegemeza ukutani moja baada ya nyingine, na kusema kwamba kuanzia siku ile hakuna chakula kitakachopikwa ndani ya alumini katika nyumba ambayo mdogo wangu analea mimba. Zilikuwa saba. Ile kubwa ya pilau ilikuwa imejaa vitundu vidogo vidogo vya kijivu chini, alama za miaka mingi ya ukwaju, chumvi na waya wa kusugulia, nami kwa mara ya kwanza nilivitazama nikijiuliza kilichokuwa pale kimekwenda wapi.

Mama mkubwa alikuwa amepokea ujumbe kwenye simu, mmojawapo wa zile zinazopita kundi hadi kundi bila jina la mwandishi, ukieleza kwamba alumini humaliza damu ya mama na kuingia kwenye ubongo wa mtoto. Wiki hiyo hiyo kadi ya kliniki ya mdogo wangu ilikuwa imeandikwa wingi wa damu 8.9, akiwa na ujauzito wa wiki 22, na mjamzito anayeshuka chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa ana upungufu wa damu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," aliniambia, huku akiigonga sufuria ya pilau kwa kucha ili nisikie ilivyokwisha kuwa nyembamba.

Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani, anasikiliza. Hakubisha. Mkono wake ulishuka taratibu kwenye pindo la khanga, ukafungua fundo, ukatoa kipande cha udongo kirefu kama kidole, wenyewe tunauita pemba, akakimega kwa meno ya pembeni. Kilivunjika kwa mlio mkavu, kama chaki.

Hakuna aliyemkataza.

## Jibu nililolitoa haraka

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Temeke, na kwa sababu hiyo nyumbani natarajiwa kuwa na jibu. Nililitoa palepale. Nilimweleza mama mkubwa kwamba alumini tunayoila, iwe imetoka kwenye sufuria, kwenye mboga au kwenye maji, karibu yote hupita tumboni na kutoka nje. Kati ya sehemu elfu moja zinazoingia mdomoni, ni sehemu moja hadi tatu tu zinazofika kwenye damu, na hizo nazo huchujwa na figo zikatoka kwenye mkojo. Nilimwambia pia kwamba kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, yaani mtu wa kilo 60 anaweza kula miligramu 120 kila wiki katika maisha yake yote, na kwamba sufuria za kawaida, kwa upishi wa kawaida, hazitarajiwi kufika huko.

Yote hayo ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima anayompa mtu aliyesoma, kisha akauliza.

"Hiyo ni kwa mtu mzima wa afya. Asiye na damu je? Mwili wake nao unakataa kama wako?"

Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na kabla jua halijazama nilikwisha kutambua kwamba nilikuwa nimemjibu mzazi wangu jambo ambalo sikuwahi kulifikiri hata kwa dakika moja. Swali hilo lilikaa nami kwa wiki kadhaa. Lilinifuata kwenye mwendokasi asubuhi, likanifuata darasani nilipoandika ubaoni jedwali la elementi, na kila nilipomwona mdogo wangu akifungua lile fundo, lilirudi upya.

## Ndugu wa kufanana sura

Kwenye karatasi, chuma na alumini hazina undugu wa karibu. Alumini ni elementi ya 13, nyepesi, haishiki kutu. Chuma ni ya 26. Lakini ndani ya mwili hatukutani na vipande vya metali bali na ayoni, yaani atomi zenye chaji, na hapo mambo hubadilika. Ayoni ya chuma iliyopoteza elektroni tatu na ayoni ya alumini zina chaji ileile ya chanya tatu, na ukubwa wao hautofautiani sana: nusu kipenyo cha ile ya alumini ni kama pikomita 54, na cha ile ya chuma ni kama 65. Zote mbili hupenda kushikwa na atomi za oksijeni. Kwa protini inayotambua vitu kwa chaji na umbo, hao ni ndugu wa kufanana sura.

Chuma mwili unakihitaji kiasi cha kukiwekea utawala mzima. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu, kiasi cha msumari mdogo, na kwa kuwa mwili hauna njia maalumu ya kukitoa chuma kilichozidi, udhibiti wote umewekwa mlangoni, kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Kikishaingia, hupokelewa na protini ya damu iitwayo transferini, yenye nafasi mbili za kubebea, ambayo hukizungusha mpaka kwenye uboho unakotengenezewa damu. Kinachobaki huwekwa akiba ndani ya protini nyingine, feritini.

Alumini haina lolote kati ya hayo. Ingawa ni karibu asilimia 8 ya ganda la dunia, nyingi kuliko hata chuma, hakuna kazi hata moja ambayo mwili wa binadamu umewahi kuipa. Haina protini yake, haina ghala lake. Kwa hiyo ile kidogo inayovuka utumbo hupanda chombo cha mwenzake: takriban asilimia 90 ya alumini iliyomo kwenye utegili, sehemu ya majimaji ya damu, huwa imebebwa na transferini, na sehemu kubwa ya iliyosalia huwa imeshikana na sitreti, ya jamii ya asidi ya ndimu.

Nilipofika hapo nilidhani nimelipata jibu la mama mkubwa.

## Mfano wangu wa daladala

Niliwaeleza wanafunzi wa Kidato cha Nne hivi: fikirini transferini kama daladala la Mbagala kwenda Kariakoo. Abiria wa haki ni chuma. Chuma kikiwa tele, viti vimejaa na alumini hubaki kituoni. Chuma kikipungua, viti viko wazi, na alumini hupanda. Darasa lilielewa mara moja, na mimi nilitoka nikiwa nimeridhika, kwa sababu mfano ulikuwa mwepesi na ulimpa mama mkubwa haki yake: asiye na damu ya kutosha huingiza alumini zaidi kwa kuwa viti ni vitupu.

Siku mbili baadaye, nikiwa nasahihisha madaftari, nilikutana na tarakimu niliyoijua tangu chuo ambayo inauvunja mfano huo katikati.

Katika mtu mwenye afya kamili, transferini huwa imejazwa chuma kwa takriban asilimia 30 tu.

Yaani daladala hilo hutembea theluthi mbili tupu kila siku, kwa kila mmoja wetu. Nafasi zilizo wazi kwenye damu yangu ni nyingi mno kuliko alumini yote ninayoweza kuiingiza kwa mlo wa kawaida, na kiti kimoja kitupu kinatosha abiria mmoja sawasawa na viti ishirini vitupu. Kama sababu ingekuwa viti, mimi na mdogo wangu tungekuwa sawa. Nilirudi darasani nikauondoa mfano ule mbele ya wanafunzi walewale, jambo ambalo nadhani mwalimu anawiwa kulifanya kila anapofundisha kosa lililopendeza.

Swali la mama mkubwa likabaki wazi, na sasa lilikuwa gumu zaidi.

## Waliolipa gharama ya jibu

Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu alumini ndani ya mwili wa binadamu ilipatikana kutoka kwa wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine. Katika miaka ya 1970 baadhi yao walianza kupata shida ya kutamka maneno, kisha mikono ikawa inashtuka yenyewe, kisha degedege na kuchanganyikiwa, na wengi walikufa. Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, waliripoti kwamba ubongo wa wagonjwa hao ulikuwa na alumini nyingi kupita kiasi. Ilikuwa imetoka kwenye maji ya mashine, na pia kwenye dawa yenye haidroksidi ya alumini waliyopewa ili kuzuia fosfeti ya chakula isiingie mwilini.

Ukweli mmoja katika habari hiyo hunisumbua zaidi kuliko mingine. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa saa nne hukutanishwa na maji yapatayo lita 120, mara tatu kwa wiki, na kinachotenganisha maji hayo na damu yake ni utando mwembamba tu. Hata maji yakiwa na alumini kidogo, transferini iliyo upande wa damu huendelea kuidaka na kuishikilia, kwa hiyo alumini huendelea kuvuka kuelekea kwa mgonjwa badala ya kusimama pale pande mbili zinapolingana. Kile chombo cha kubebea chuma ndicho kilichokuwa kikiivuta sumu ndani, nazo figo ambazo zingeitoa hazikuwepo. Maji ya mashine yakaanza kusafishwa kwa uangalifu mkubwa, dawa zile zikabadilishwa, na ugonjwa ule ukawa adimu.

Miongoni mwa madhara waliyoyapata, mbali na ubongo na mifupa, kulikuwa na upungufu wa damu wa aina ya pekee: chembe nyekundu zilikuwa ndogo na zilizopauka, sawasawa na za mtu asiye na chuma, ilhali chuma kilikuwamo mwilini na kukiongeza hakukusaidia. Nilipolisoma hilo ilibidi nimkumbuke mama mkubwa na ujumbe wake usio na jina. Alumini inaweza kweli kumaliza damu. Mwandishi wa ujumbe ule alikuwa ameokota ukweli wa wagonjwa wasio na figo na kuuweka jikoni kwetu, mahali ambapo haukai.

Kisha mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa ya erithropoietini, homoni inayouamuru uboho kutengeneza damu. Kabla yake wagonjwa wengi wa figo waliishi kwa kuongezewa damu, na kila chupa iliwaachia chuma, hivyo akiba yao ilikuwa imefurika. Baada yake uboho ulianza kukila chuma kwa kasi, na akiba zikakauka. Hapo ndipo madaktari walipouliza swali lilelile la mama mkubwa wangu: akiba ikikauka, alumini itafanyaje?

Jibu lilikuwa limeanza kuonekana. Wagonjwa waliopewa dawa yenye alumini na waliokuwa na feritini ndogo, yaani akiba iliyopungua, ndio ambao alumini yao ya damu ilipanda zaidi. Wenye feritini kubwa ilipanda kidogo. Panya wa maabara walionyimwa chuma walifyonza alumini zaidi ya wenzao, na walioshibishwa chuma walifyonza pungufu.

Nilikuwa nimemwambia ndiyo. Jibu lilikuwa hapana.

## Milango

Kama si viti, ni nini? Nililigeuza jambo hili kwa jioni nyingi, na nilichokipata kinahusu milango zaidi kuliko viti.

Mwili uliopungukiwa na chuma hauketi ukasubiri. Ini hupunguza homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kuufunga utumbo usipitishe chuma, na utumbo hufunguka. Ini hilohilo hutengeneza transferini zaidi, kana kwamba mtu aliyekosa wateja ameamua kuongeza magari barabarani. Na seli zenye njaa ya chuma hujipachika vipokezi vingi zaidi vya transferini juu ya ngozi yao, ili kila inayopita idakwe na kuvutwa ndani. Alumini haihitaji kushindana na chuma kwa kiti. Inahitaji tu kuwa imepanda, kidogo ilivyo, wakati mwili mzima umefungua milango kumpokea ndugu yake.

Sehemu zenye vipokezi hivyo kwa wingi zinajulikana: uboho, mishipa midogo ya ubongo, na kondo la nyuma.

Usiku nilioandika neno hilo la mwisho kwenye daftari langu sikulala vizuri. Kondo la nyuma limejaa vipokezi vya transferini kwa sababu mtoto hupata chuma chake kwa kukivuta kutoka kwa mama, na mimba moja huhitaji takriban gramu moja nzima ya chuma, kiasi ambacho wanawake wengi hawana pa kukitoa. Nilimfikiria mdogo wangu na ile 8.9 yake. Nilitaka kumwamsha mama mkubwa nimwombe radhi.

Asubuhi nilijilazimisha kurudi kwenye vipimo, kwa maana hofu bila kipimo ingenipeleka kulekule ulikompeleka ujumbe wa simu. Mtu akila miligramu 10 za alumini kwa siku, kinachofika kwenye damu ni mikrogramu 10 hadi 30. Hata kiasi hicho kikiongezeka mara mbili kwa sababu ya ukosefu wa chuma, bado ni mikrogramu chache mbele ya figo mbili zenye afya. Wale wa Denver walikuwa hawana figo, na alumini yao iliingia moja kwa moja kwenye damu. Mdogo wangu hakuwa amelishwa sumu. Alikuwa mtu aliyepungukiwa na chuma, na huo peke yake ni ugonjwa unaotosha, kwa sababu mama mwenye damu kidogo huhatarishwa na kutokwa damu wakati wa kujifungua, na mtoto wake huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

## Kilichokuwa nguoni

Ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza.

Udongo mweupe wa kaolini, ambao ni aina moja ya udongo wa kuliwa, una alumini kwa takriban asilimia 21 ya uzito wake. Madini hayo yenyewe yamejengwa kwa alumini na silika. Nilimwomba mdogo wangu anioneshe anachokula kwa siku. Alitoa vipande vinne vya rangi ya kijivu, bila aibu, maana wanawake wengi wa mtaa wetu wanakula na sokoni vinapangwa mafungu mafungu kama tangawizi. Nilivipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 34. Udongo wake haukuwa kaolini safi, kwa hiyo niliukadiria kuwa na nusu tu ya kiwango hicho. Ilikuja zaidi ya gramu tatu na nusu za alumini. Kwa siku.

Sufuria tuliyoitoa nje, hata kwa mchuzi mchachu uliolazwa ndani yake usiku kucha, hutoa alumini ya kuhesabiwa kwa miligramu.

Sina budi kusema kwa haki kwamba alumini iliyofungwa ndani ya udongo haiyeyuki kwa urahisi, na iliyo nyingi huingia na kutoka ikiwa vilevile. Nisingependa msomaji achukue hizo gramu tatu na nusu akaanze kuwatisha watu nazo. Lakini udongo una kosa jingine lililo zito zaidi. Baadhi ya udongo hukishika chuma cha chakula ndani ya utumbo na kukizuia kisifyonzwe. Huweza pia kubeba mayai ya minyoo, na hata risasi. Na hamu yenyewe ya kuula mara nyingi hutokana na ukosefu wa chuma: damu ikipungua mtu hutamani udongo, barafu, mchele mbichi. Alikuwa akila kitu ambacho upungufu wake ulimtuma akile, nacho kikaukaza upungufu uleule uliomfungulia alumini milango.

Mama mkubwa alikuwa amesema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Kilikuwa kwenye pindo la khanga, futi mbili kutoka alipokuwa amesimama na sufuria yake.

Hili si jambo la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wanawake wapatao 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wakiwa na upungufu wa damu. Si wote wanaokosa chuma, kwa kuwa malaria, minyoo ya safura na selimundu nazo zimo, lakini wengi ni wa chuma. Ninapoona mjadala mkali kuhusu sufuria katika makundi ya simu, nikakumbuka kwamba karibu nusu ya wanawake wanaojadili hawana damu ya kutosha na hawajaulizwa wanakula nini, naona tumekamata mshitakiwa wa pembeni.

## Chai, ndimu na dawa ya kiungulia

Nilianza kuiangalia meza yetu kwa macho mengine, na vitu vitatu vilinisimamisha.

Chai ndiyo ya kwanza. Mmea wa chai hukusanya alumini kwenye majani yake kuliko mimea mingi tunayokula, na kikombe cha chai ya rangi huwa na miligramu kadhaa kwa lita. Alumini hiyo haifyonzwi sana. Ila tanini zinazoipa chai ukakasi wake, ikinywewa pamoja na chakula, hukifunga chuma cha mchicha na maharage, na mdogo wangu alikuwa akinywa vikombe viwili juu ya kila mlo.

Ndimu ilinitatiza. Tunashauriwa kukamulia ndimu kwenye mboga kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia, na ni ushauri mzuri. Lakini asidi ya sitriki iliyomo kwenye ndimu hiyohiyo huisaidia alumini pia. Nilitafakari kama nimwambie aache. Sikumwambia. Faida ya chuma kwa mtu mwenye 8.9 ni kubwa kuliko alumini ya ziada kwenye sahani ya tembele, hasa ikiwa ndimu inakamuliwa mezani, baada ya chakula kupakuliwa.

Dawa ya kiungulia ndiyo niliyoikuta kwa bahati, kwenye mkoba wake, ikiwa imebaki nusu. Alikuwa akiinunua dukani mwenyewe, kwani ujauzito humletea mtu kiungulia, na alikuwa akiinywa pamoja na vidonge vya kuongeza damu ili visimchome tumbo. Kwenye kibandiko kulikuwa na haidroksidi ya alumini, mamia ya miligramu kwa kila dozi, kiasi kikubwa kuliko kinachotarajiwa kutoka kwenye sufuria za kawaida kwa siku. Dawa ya aina hiyo huipunguza asidi ya tumboni inayohitajika ili chuma kiyeyuke. Alikuwa anaumeza mchana mzima mzizi wa tatizo pamoja na dawa yake, katika gilasi moja ya maji, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Hapo nilikasirika. Niliikasirikia hasa ile Jumamosi yangu, nilipokuwa na jibu kabla ya kuuliza swali.

## Oktoba

Tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi aliyetupokea alisikiliza habari ya udongo na dawa ya kiungulia, akaandika, na daktari akaongeza vidonge vya chuma kutoka kimoja hadi viwili kwa siku, akambadilishia dawa ya tumbo na kumwelekeza aitenganishe na chuma kwa saa kadhaa. Alipewa dawa ya minyoo. Nililipia kipimo cha feritini katika maabara nyingine, kwa kuwa kliniki hupima wingi wa damu peke yake: kilisoma 9, na chini ya 15 akiba huhesabiwa kuwa imekwisha.

Mama mkubwa nilimfuata siku hiyohiyo jioni. Nilimwambia kwamba alikuwa ameuliza swali sahihi na mimi nilikuwa nimemjibu uongo bila kukusudia. Kwamba mwili usio na chuma huikaribisha alumini zaidi. Na kwamba kama tunataka kumkinga mtoto, kazi ya kwanza iko kwenye damu ya mama yake. Alinyamaza kwa muda. "Kwa hiyo sufuria zirudi?" akauliza.

Tano zilirudi. Mbili nzito, zilizosubiwa na mafundi kwa kuyeyusha chakavu, niliziacha nje, maana katika chakavu huweza kuingia betri na vipande vya injini, na watafiti waliopima sufuria za aina hiyo kutoka Kameruni waliripoti mwaka 2014 kwamba zinatoa risasi kwenye chakula. Risasi nayo huingia kwa wingi zaidi mwili ukikosa chuma, na kwa hilo ushahidi ni mzito kuliko wa alumini. Ukwaju sasa tunauchemsha kwenye chungu.

Wiki ya 28 kadi iliandikwa 10.3.

Udongo aliuacha pole pole. Katika wiki ya tatu ya vidonge viwili aliniambia kwamba amepitisha siku nzima bila kuukumbuka, na akashangaa mwenyewe. Fundo la khanga sasa linakaa nauli. Lakini mvua ya kwanza ya vuli ilipoanguka uani, na vumbi la Mbagala likatoa ile harufu yake, nilimwona ameacha kuchambua dagaa, amesimama mlangoni na mkono tumboni, anameza mate.

"Dada," akasema, "bado kidogo."

Nikamsogezea kikombe cha maji na kidonge chake cha jioni.